Maswali ya Magari: Foo Wili Ndogo ya Bei Nafuu

SWALI: Mimi ni mwalimu Kisoro. Kutoka lami hadi shuleni ni mwendo mfupi, lakini ni mlima wa udongo mtupu, na mvua ikinyesha hata boda husukumwa. Kampala nimeonyeshwa RAV4, X-Trail na Escudo, zote za petroli na gia otomatiki. Kila muuzaji anaapa kwamba yake ni foo wili. Nichukue ipi?

JIBU: Mwalimu, anza na hicho kiapo. Magari haya mengi yalitengenezwa kwa namna mbili, ya kuvuta mbele tu na ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, na kwa nje huwezi kuyatofautisha. Soma namba ya chesisi. RAV4 ya umbo la tatu, iliyotoka kuanzia 2005, ikiwa ACA31 inavuta kote. ACA36 ni ya mbele tu. X-Trail ya umbo la pili inayovuta kote ni NT31. Ukikuta T31 bila hiyo N mbele, muage muuzaji. Escudo ya enzi hizo yenye injini ya lita 2.0 ni TD54W, nayo inavuta kote.

Namba peke yake haitoshi. Tandika gunia, lala chini ya gari umulike na tochi. Propela inatakiwa itoke kwenye gia boksi hadi difu ya nyuma. Difu au beringi ya katikati ikianza kulia, wapo wanaoing'oa propela badala ya kutengeneza, halafu gari linauzwa hivyo hivyo. Utakuta difu ipo mahali pake, uso wake wa mbele una matundu manne ya bolti yaliyo wazi, yamejaa vumbi. Gari la namna hiyo ni baya kuliko la kuvuta mbele tu, kwa sababu linabeba uzito wa vyuma visivyofanya kazi na wewe umelipia bei ya foo wili.

Kwa mlima wako tungechukua Escudo. Ina gia nzito ya kupandia, ile ya 4L, ambayo wenzake hawa wawili hawana. Gia boksi yake ni otomatiki ya kawaida ya hatua nne, na injini hutumia cheni, si mkanda. Ubaya wake ni ulafi wa petroli: hesabu kilomita 8 hadi 10 kwa lita, na milimani pungufu ya hapo. Iwashe asubuhi injini ikiwa baridi. Cheni ikikwaruza sekunde moja mbili kisha ikanyamaza, si neno. Ikiendelea, cheni na vikaza vyake vimekwisha, na kazi hiyo ni ya kufungua mbele yote ya injini. Kisha simamisha gari, kanyaga breki, weka gia N, zungusha swichi hadi 4L. Taa ya dashibodi ikipepesa bila kutulia, gari haliingii 4L. Usikubali kuambiwa ni waya tu umelegea.

RAV4 ni starehe zaidi na spea zake zimejaa soko la Kisekka, Kampala. Kasoro kubwa ya injini yake ya lita 2.4, ile 2AZ, ni kula oili: vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni huziba kwa masizi, oili inabaki ukutani mwa silinda na kuungua. Chomoa kijiti cha oili kabla muuzaji hajapata nafasi ya kuongeza. Acha injini isinzie dakika chache, kisha kanyaga ghafla huku mwenzako akitazama ekzosi. Moshi wa bluu ukitoka, ondoka. Ile LOCK yake nayo, swichi ya kulazimisha mbele na nyuma zivute pamoja, hujiachia ukipita kilomita 40 kwa saa, hapo haijaharibika.

X-Trail ya NT31 tumeiweka mwisho kwa sababu ya gia boksi yake ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua, inayotumia mkanda wa chuma. Kwenye mpando mrefu kama wa Kanaba, gari likiwa limejaa watu na viazi, oili ya gia huchemka na kompyuta hupunguza nguvu ili kuilinda. Gari linatambaa ingawa injini ni nzima. Tena oili yake ya gia ni ile ya Nissan iitwayo NS-2 tu. Fundi akimimina ATF, oili ya gia otomatiki za kawaida, mkanda wa chuma ulio ndani unateleza na kujikwangua, na gia boksi hiyo haichukui muda kufa. RAV4 nyingi za Japani za umbo hilo pia ni CVT, nazo zinataka oili yake, Toyota TC. Muulize muuzaji jina la oili iliyomo. Asipolijua, hiyo bei bado inashuka.

Na ubakize pesa za tairi. Kwenye udongo wa kuteleza, tairi nne mpya za meno makubwa zitakusaidia kuliko foo wili yoyote iliyovaa vipara.

SWALI: Nimepata Forester ya 2008 kwa bei nzuri Mbale, ni otomatiki na haina turbo. Nikikata kona kali nikipaki, inashtuka kama mtu ameshika breki. Mwenye gari anasema ni oili ya usukani.

JIBU: Dada, usukani hauhusiki. Klachi inayopeleka nguvu nyuma imeng'ang'ania, kwa hiyo mbele na nyuma zinapigana kwenye kona. Mara nyingi chanzo ni tairi zisizolingana. Pima meno ya zote nne: tofauti ikizidi milimita 1, klachi hiyo inasuguana safari nzima.

Ndani ya boneti pana kishikilia fyuzi kilichoandikwa FWD, yaani kuvuta mbele tu. Chomeka fyuzi, hakikisha taa ya FWD imewaka, kisha kata kona tena. Mshtuko ukiisha, klachi bado inaachia, na kubadilisha oili ya gia boksi kunaweza kutosha. Ukimwaga mara moja hutoka lita 4 hivi kati ya zaidi ya 9, kwa hiyo mwaga, jaza, endesha, urudie mara tatu. Mshtuko ukibaki, omba bei ipunguzwe kwa gharama ya kufungua gia boksi. Baada ya jaribio toa fyuzi, la sivyo unaendesha gari la mbele tu.

Injini hiyo ni ya mkanda wa taimingi. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, pamoja na pampu ya maji, kikaza na roli zake. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Kama hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa.

SWALI: Toyota Rush je? Mimi na mke wangu tu, Masindi.

JIBU: Inafaa sana, mradi namba ya chesisi iwe J210, inayovuta kote; J200 huvuta nyuma tu. Injini ni ya 1.5, kwa hiyo usiiharakishe kwenye milima.

SWALI: Ninunue bondi, kwenye yadi ya magari yaliyoagizwa nje, au kwa mtu?

JIBU: Bondi utapata gari ambalo halijasagwa na barabara zetu, lakini tangu sheria ya 2018 lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe haliingizwi nchini, na yale yaliyozeeka ambayo bado yanaruhusiwa hutozwa ushuru wa mazingira. Dai cheti cha Japani cha kusafirishia gari nje: kina kilomita zake, ulinganishe na dashibodi. Kwa mtu binafsi bei hushuka, ila usilipe hata shilingi kabla ya kuiona logibuku halisi. Nyingine zimelala kwa wakopeshaji, na mwenye gari anakuonyesha fotokopi.