Umelipia mtu akutumie imeili, mbona zinaangukia spamu?

Maswali ya safari hii karibu yote ni ndugu: kampuni nyingine inatuma imeili kwa jina lako, halafu wateja wanasema hawajaona kitu. Twende.

Mhasibu wa shule, Jinja: Mfumo wa ada unatuma risiti kwa anwani ya shule, wazazi wanazikuta spamu. Fundi anasema tubadilishe MX, ni kweli?

Hapana sebo, MX usiiguse! Hiyo ni ya imeili zinazoingia, ukiwaelekezea watu wa mfumo basi hata barua za mwalimu mkuu zitahamia kwao. Cha kurekebisha ni SPF, ile rekodi ya maandishi (TXT) kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeni yenu, inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma, maana Gmail ya mzazi haijui mmeajiri nani, inaona tu seva ngeni inajiita shule. Waombe include yao, yaani kipande kinachotaja seva zao, uichomeke ndani ya rekodi mliyonayo:

v=spf1 include:_spf.google.com include:spf.mfumowaada.example ~all

Fundi asikuwekee SPF ya pili pembeni. Zikiwa mbili inahesabika kosa na hakuna inayofanya kazi, na hii naiona kila mara.

Kampuni ya utalii, Entebbe: SPF inapita lakini DMARC inafeli. Tatizo nini?

SPF haiangalii anwani anayoiona mgeni. Inaangalia ile ya kurudishia barua zilizokwama, Return-Path, na watumaji wengi huweka ya kwao pale. Kwa hiyo imepita kwa jina lao sio lenu, wakati DMARC, ule ukaguzi wa kama imeili kweli ni ya domeni inayoonekana, inataka jina lilingane na la mtumaji anayeonekana. Fungua imeili moja kwa Gmail ya kompyuta, bonyeza vidoti vitatu, chagua kuona ujumbe asilia, soma mstari wa DKIM, yaani saini ya kidijitali ya imeili: kama domeni iliyotajwa hapo ni yao, umepata jibu.

Dawa ni hiyo DKIM. Watawapa rekodi za kubandika kwenye DNS, mara nyingi CNAME (inayoelekeza jina moja kwa jingine), mkimaliza rudini kwa dashibodi yao mthibitishe, watu wanasahau hapo. Na angalia jina lisijirudie, paneli nyingi zinajiongezea domeni zenyewe unajikuta na s1._domainkey.kampuni.co.ug.kampuni.co.ug halafu unashangaa mbona haisomi. Tena mgeni akiforwadi imeili SPF huvunjika, ila saini ya DKIM hubaki nzima kama ujumbe haujaguswa.

Sacco, Arua: Tunatuma imeili chache tu, DMARC ya nini?

Tangu Februari 2024 Google inaidai kwa wanaotuma 5,000 na zaidi kwa siku kwenda Gmail, wadogo wanatakiwa angalau SPF au DKIM. Lakini nyie mnashika pesa za watu, tapeli akijifanya sacco itakuwaje? Wekeni DMARC ya p=none (isizuie kitu) pamoja na rua, anwani ya kupokea ripoti, someni wiki kadhaa muone nani anatuma kwa jina lenu, ndio mpande quarantine (za uongo ziende spamu) halafu reject (zikataliwe kabisa). Mkirukia reject leo mtazuia stetimenti zenu wenyewe.

Duka la mtandaoni, Mbale: Tuna include nane, tunaambiwa zimezidi 10. Hesabu gani hiyo?

SPF inaruhusu kuulizia DNS mara 10 tu, na include ina include nyingine tumboni, zote zinahesabiwa. Toeni wale mlioachana nao, na matangazo yahamishieni sabdomeni kama habari.duka.co.ug yenye SPF yake.