Saa yako imesema kweli leo?

Juzi usiku niliona trakleti (nafasi chache za kitu kimoja, zilizopimwa usiku mmoja) ya vijana wetu wawili ikiingia kwenye ukurasa wa uthibitisho, ambako vitu vipya vinavyodhaniwa kuwa asteroidi za karibu na Dunia husubiri kupimwa na wengine. Nafasi nne, zilizopimwa kwa nyota za Gaia (orodha sahihi ya mahali nyota zilipo), mabaki, yaani tofauti kati ya nafasi iliyopimwa na iliyokokotolewa, chini ya nusu sekunde ya tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii). Walifurahi, na walistahili kufurahi. Nikaitazama tena, tumbo likanikata: muda walioandika ulikuwa wa kuanza kwa picha, si wa katikati yake. Nimewapigia simu kabla sijakaa kitini. Wadogo zangu, kosa hilo nilishalilipia mimi, na bei yake ilitosha kwa wote. Someni haya kabla ya kufungua kuba tena.

1. Alama ya digest2, programu inayokisia aina ya kitu kwa mwendo wake, hata ikifika 100 ni kisio tu. Inasema mwendo huu haufanani na wa asteroidi za ukanda mkuu, basi. Kabla hujaamsha watu, hakikisha hicho kitu si chombo kilichorushwa na binadamu. Tarehe 2 Januari 2025 ilitangazwa asteroidi mpya, 2018 CN41, na haikumaliza siku: ilikuwa gari la Tesla lililorushwa angani Februari 2018. Waliokipima hawakukosea nafasi hata moja. Vipimo vilikuwa vizuri, kitu ndicho hakikuwa asteroidi.

2. Usielekeze darubini katikati ya efemeri (jedwali la mahali kitu kinapotarajiwa kuwa) ukaona umemaliza. Kitu kilichoonekana kwa dakika 40 tunajua kilipo angani na kinaelekea wapi. Umbali wake hatuujui. Jiwe dogo lililo karibu nasi, na mwamba mkubwa ulio mbali, vinaweza kupita mstari uleule kwa kasi ileile. Ndiyo maana ukurasa unakupa wingu zima la obiti (njia za kulizunguka Jua) zinazowezekana. Lifuate wingu lote, fremu kwa fremu, au gawaneni na wenzenu. Saa tatu baadaye mzunguko wa Dunia umeshakuhamisha, paralaksi (kuhama kwa kitu cha karibu mbele ya nyota) inajitokeza, na nusu ya wingu inafutika. Kituo cha bara jingine kikikipima usiku huohuo, ni bora zaidi.

3. Muda. Hapa nitakaa.

Miaka yangu ya mwanzo tulibadilisha programu ya kamera. Ile ya zamani iliandika katikati ya picha kwenye kichwa cha faili. Mpya iliandika mwanzo. Sikusoma maelezo yake, kwa sababu picha zilitoka nzuri na nilikuwa na haraka. Usiku wa tatu nikapata mgombea, kitu kilichodhaniwa kuwa asteroidi mpya, aliyekuwa akikimbia sekunde 40 za tao kwa dakika. Picha zangu zilikuwa za sekunde 30. Pigeni hesabu wenyewe: nimekosea muda kwa sekunde 15, nafasi zangu zote zimehama sekunde 10 za tao kwenye mstari wa mwendo. Zote kwa pamoja, upande uleule, kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo zilikubaliana zenyewe kwa zenyewe kama ndugu waliopanga ushahidi.

Nikaunganisha na trakleti ya wagunduzi, obiti ikakaa vizuri. Lazima ikae. Obiti changa ni pole mno, ina nafasi ya kumeza uongo wako: inasogeza umbali kidogo, inabadilisha kasi kidogo, na mabaki yanarudi karibu na sifuri. Mimi nikadhani mabaki madogo ndiyo ukweli.

Kisha zikaja nafasi za kituo cha tatu, na zilikataa kukaa. Mabaki yao yalikuwa makubwa, yote upande mmoja. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia usiku naamka: nikaziondoa kwenye hesabu. Nilimwandikia mwangalizi wao nikimshauri akague saa yake. Mimi ndiye nilimwandikia hivyo. Kwa siku mbili nilituma wenzangu kwenye efemeri niliyoikokotoa kwa data zangu, na kila mmoja akarudi na uwanja mtupu, yaani eneo la anga kwenye picha lisilo na kitu hicho, huku kitu kikififia kila usiku. Kilipatikana kwa sababu kituo chenye uwanja mpana kilipiga picha eneo hilo, mbali na nilipokuwa nawaelekeza watu. Obiti mpya ilipotoka, nafasi za yule niliyemtupa zilikaa sawasawa. Zangu ndizo zilizokuwa nje. Nilimwomba radhi siku hiyohiyo, naye akanijibu kwa upole ambao sikuustahili, na akanifundisha kupima satelaiti za GPS.

Basi fanyeni hivyo kila mwanzo wa usiku. Mahali zilipo hujulikana kwa usahihi mkubwa, na zinakimbia takriban sekunde 30 za tao kwa kila sekunde moja ya saa, hivyo saa ikichelewa hata sehemu ya kumi ya sekunde utaiona. Na mkichukua muda moja kwa moja kwenye kipokezi cha GPS, kumbukeni muda wa GPS umetangulia UTC, muda wa kimataifa, kwa sekunde 18.

4. Kitu kikichora mstari kwenye picha, pima ncha zote mbili. Kikiwa hafifu, panga picha nyingi moja juu ya nyingine kwa mwendo wake na si kwa nyota. Katika ADES, muundo wa kutumia vipimo, jazeni kadirio halisi la kosa la kila nafasi, msiache wazi.

5. Mkiona uwezekano wa kugonga Dunia unapanda, tulieni na pimeni. Asteroidi 2024 YR4, iliyogunduliwa Desemba 2024, ilifika asilimia 3.1 tarehe 18 Februari 2025, kisha ikaporomoka ndani ya siku chache. Eneo la mashaka lilikuwa likipungua huku Dunia ikiwa bado ndani yake. Dunia ikachukua sehemu kubwa zaidi ya kilichobaki, mpaka ikatoka nje. Na msisahau picha za zamani. Asteroidi Apophis ilikuwa asilimia 2.7 tarehe 27 Desemba 2004, na kilichofuta hofu ya kugonga mwaka 2029 ni picha za Machi 2004, zilizokuwa zimelala kwenye hifadhi ya Spacewatch, mradi wa kutafuta asteroidi, bila mtu kujua kilichomo.

Sasa nyinyi wawili. Waandikieni Minor Planet Center, kituo kinachopokea vipimo vya asteroidi, kabla giza halijaingia, mseme wazi kilichotokea, mtume nafasi zote nne upya zikiwa na sekunde 15 zilizoongezwa kwenye muda, nusu ya urefu wa picha zenu. Kitu chenu kinachomoza saa nane usiku, na wingu lake bado halijapita upana wa uwanja wetu mara mbili. Nusu ya kaskazini nitaichukua mimi.