Ukitaka malenga mwenye uchawi, mjengee chuo kwanza

Kila anayeanza kuongoza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons kwa Kiswahili, au kuandika hadithi za ulimwengu wa kubuni, hukwama kwa malenga, mshairi ambaye nyimbo zake zina uchawi. Mhusika huyu huishia kuwa mpiga gambusi wa sherehe ambaye ghafla anaponya majeraha na kulaza majitu, na hakuna mezani anayejua uwezo huo aliutoa wapi. Nimeongoza meza kwa miaka mingi sasa, na ushauri wangu haujabadilika: kabla hujampa wimbo wa kwanza, mwonyeshe akiwa mwanafunzi.

Sheria za mchezo hazitakusaidia sana hapo. Katika toleo la mwaka 2014 mchezaji huchagua chuo cha malenga akifika ngazi ya 3, na chuo chenyewe hupewa maelezo machache tu. Kitabu cha mwaka 1978 kilikuwa kikali zaidi: ilibidi mtu awe mpiganaji kwanza, kisha mwizi, ndipo apokelewe na druidi (kuhani wa maumbile) na kuanza kuitwa malenga. Wachezaji wengi hawakufika huko kamwe. Mimi naupenda ukali ule, kwa sababu malenga aliyepita njia hiyo alikuwa na historia mwilini mwake hata kabla ya kufungua mdomo.

Ninayemsaidia kujenga chuo nampeleka moja kwa moja Ayalandi ya kale, ambako mhusika huyu ana mizizi mirefu. Washairi wasomi wa huko waliitwa fili. Walikuwa na madaraja 7, na wa juu kabisa, ollam, alisoma miaka 12 na kutakiwa awe na hadithi 350 kichwani. Yule aliyeitwa bardi alikuwa chini yao, mwimbaji asiye na elimu hiyo. Hapo tayari una mgogoro wa kutosha msimu mzima wa mchezo: mwimbaji anayependwa sokoni na msomi anayeogopwa ikulu wanakutana kwenye karamu moja.

Halafu kuna giza. Maelezo ya shule za washairi wa Ayalandi yaliyochapishwa mwaka 1722 yanasimulia nyumba fupi, mbali na jamaa na kelele, isiyo na madirisha, yenye vitanda vilivyotengwa kila kimoja na chumba chake. Mwalimu alitoa mada na masharti ya vina jioni. Kesho yake wanafunzi walilala gizani mchana kutwa wakitunga kichwani, na taa zililetwa usiku ndipo waandike. Masomo yalianza mwishoni mwa Septemba na kufungwa Machi. Huko Uskoti, msafiri Martin Martin aliandika mwaka 1703 kwamba washairi walijifungia siku nzima, wakajilaza chali na jiwe tumboni, vichwa vimefunikwa nguo. Chukua jiwe lile. Mwanafunzi anayepumua chini ya uzito huku akishikilia beti nane asizidondoshe, huyo msomaji atamwamini siku atakapotamka laana.

Kuhusu uchawi wenyewe, usiogope kuufanya wa kutisha. Kamusi ya kale inayohusishwa na Cormac, mfalme na askofu wa Munster, kusini mwa Ayalandi, aliyefariki mwaka 908, inaeleza namna mshairi alivyotafuta maono: alitafuna kipande cha nyama mbichi ya nguruwe, mbwa au paka, akakiweka juu ya bamba la jiwe nyuma ya mlango, akakiimbia, kisha akalala viganja vikiwa mashavuni huku watu wakimlinda asiamshwe. Kamusi hiyo hiyo inasema Mtakatifu Patrick alipiga marufuku jambo hilo kwa sababu ya sadaka kwa mashetani, lakini akaruhusu aina nyingine ya utunzi wa papo kwa papo. Weka kitu kama hicho kwenye chuo chako, somo lililopigwa marufuku ambalo mwalimu mmoja mzee bado analijua. Wachezaji watalitafuta wenyewe bila kusukumwa.

Laana nayo iwe na sheria. Katika visa vya Ayalandi, mshairi Nede alimtungia dhihaka Caier, mfalme wa Connacht ambaye alikuwa amemlea, na malengelenge matatu yakamtoka mfalme usoni. Mfalme mwenye ila mwilini hakuweza kuendelea kutawala. Lakini dhihaka ile haikuwa ya haki, na aliyeitunga hakusalimika. Hiyo ndiyo bei ninayotaka uiweke: wimbo wa uongo humrudia aliyeutoa.

Kwenye meza yangu, anayetaka kutupa dhihaka hutunga ubeti kamili, mizani 16 kwa mstari, vina vya kati na vya mwisho. Simu zinawekwa kando, taa inazimwa, anapewa muda. Ubeti ukisimama, dadu hurushwa mara mbili na linachukuliwa lililo kubwa. Mizani ikipotea, laana inalegea. Mchezaji mmoja aliyekuwa mkimya kuliko wote alimpiga bwana bahili wa ngome kwa huu:

Nyumbani mwa mtawala, mgeni ashinda njaa,
Jikoni moto walala, ghala lake limejaa,
Namuapiza kwa ila, uso uote balaa,
Kitini hana mahala, ashuke bila jamaa.

Hakuna aliyeuliza tena uchawi wa malenga unatoka wapi. Tulimsikia akiuhesabu kwa vidole gizani.

Kama unaandika ukiwa Tanzania, una chuo kingine karibu. Usukumani, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vilivyoasisiwa na Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno, na anayevuta watu wengi upande wake ndiye mshindi. Manju, mwimbaji anayeongoza ngoma, huja na nyimbo mpya, na huja pia na dawa za kuvuta umati. Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yanahifadhi mengi ya urithi huo. Ukienda, sikiliza kwa heshima, kwa sababu kwa wenyewe si mchezo wala si pambo la hadithi, na usichukue majina ya dawa zao ukayageuza silaha za majitu.

Swali ninaloulizwa baada ya haya yote ni somo gani lianze. Kisa cha kinubi cha Dagda, mungu wa Ayalandi ya kale, kina nyimbo tatu: ya kuliza, ya kuchekesha na ya kulaza. Dagda alizipiga zote ukumbini kwa adui, na wa mwisho ndio uliowalaza wote akatoka salama. Mimi huanzisha wanafunzi wa chuo changu cha kubuni na ule wa kuliza, nao hawausikii kwa mwalimu. Wanatumwa kijijini kukaa matangani kwa familia moja hadi wajue marehemu alipenda nini, kisha watunge. Wa kulaza nauacha hadi mwaka wa mwisho, kwa sababu mwenye kuujua anaweza kuingia nyumba yoyote usiku, na chuo makini kitataka kumfahamu mtu vizuri kabla ya kumpa ufunguo huo.