Crown Athlete: 2.0 turbo au 2.5 V6 kwa familia ya Mbeya?

Swali: Naishi Mbeya, nina mke na watoto watatu, na Dar es Salaam tunashuka mara tatu nne kwa mwaka. Nataka kuagiza Toyota Crown Athlete kutoka Japani. Nimeona mbili zenye kilomita zinazokaribiana: ya 2014 yenye V6 ya 2.5 isiyo na turbo, na ya 2016 yenye injini ya 2.0 turbo. Fundi wangu anasema turbo ni kujitafutia matatizo, nichukue V6 nipumzike. Je, ni kweli?

Jibu: Fundi wako hajakosea sana, ila hakukwambia kuwa V6 hiyo nayo ina ugonjwa wake. Na kwa mtu wa Mbeya kuna jambo ambalo mtu wa Dar angeweza kulipuuza: mwinuko.

Tuanze na hilo. V6 hiyo ni 4GR-FSE: nguvu farasi 203, na msukumo wa Nm 243 unaopatikana injini ikifika mizunguko 4,800. Turbo ni 8AR-FTS, silinda nne: farasi 235, na Nm 350 kuanzia mizunguko 1,650 tu hadi 4,400. Hizo ni namba za usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Mbeya ikiwa kwenye mita kama 1,700, zile farasi 203 zinabaki 168 hivi. Turbo, yaani feni inayosukumia injini hewa, hufidia wepesi huo kwa kuzunguka kasi zaidi, hivyo hupoteza kidogo sana. Ukiwa na watu watano, mabegi na AC inafanya kazi, unapopanda mlima wa Kitonga kwenye njia ya Dar nyuma ya lori, V6 itashusha gia na kunguruma. Turbo itapita bila kelele. Gia boksi nayo inachangia: ya turbo ina gia 8, ya V6 ina 6.

Sasa huo ugonjwa wa V6. Nozeli zake zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo mgongo wa valvu za kuingizia hewa hauoshwi na mafuta hata siku moja. Mvuke wa oili unaotoka sehemu ya chini ya injini unatua pale, unaungua, unakuwa kaboni ngumu. Dalili: gari linatetemeka likiwa limesimama, asubuhi linamisi (silinda inakosa kuwaka), taa ya injini inawaka na skana inasoma P0300, namba ya kosa la kumisi, au namba za jirani yake. Mafundi wengi hubadilisha plagi na koili, hela inakwenda, tatizo linabaki. Zile dawa za kumwaga kwenye tangi hazisaidii hapa, maana petroli haifiki kwenye valvu hizo. Dawa ni kufungua manifodi ya hewa na kusafisha valvu moja moja, kwa kupuliza unga wa maganda ya jozi au kwa kuloweka na kukwangua, valvu ya silinda husika ikiwa imefungwa ili taka zisidondokee ndani. 8AR-FTS ina seti mbili za nozeli, moja ndani ya silinda na nyingine kwenye njia ya hewa, kwa hiyo kaboni ya namna hii haiisumbui sana.

Turbo yenyewe, basi. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili, upande mmoja ukiwa umepigwa na moshi wa moto mkali. Oili ikichelewa kubadilishwa inaungua na kuziba bomba jembamba linaloilisha turbo, na hapo ndipo bearing zinapokatika. Kwa injini za petroli zenye turbo, Toyota ya Japani inataka oili ibadilishwe kila kilomita 5,000 au miezi 6, na kwa matumizi magumu kila 2,500 au miezi 3. Kwa zisizo na turbo ni 15,000 na 7,500. Milima na vumbi vya kwetu ni matumizi magumu. Mimi ningeweka hiyo 2,500 kama kikomo, na filta kila mara. Nunua oili iliyoandikwa API SP. Daraja hilo lilitungwa pia kuzuia mlipuko wa kabla ya wakati, ambao hutokea kwenye injini hizi ndogo za turbo mtu anapokanyaga mafuta hadi mwisho mizunguko ikiwa chini, na huweza kuvunja pistoni. Oili feki itakuumiza zaidi hapa kuliko kwenye V6, kwa hiyo duka la kuaminika ni sehemu ya bajeti.

Ukimaliza kupanda Kitonga na ukapaki Ilula kununua nyanya, acha injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili oili iendelee kuipoza turbo.

Petroli: V6 ya 203 imetengenezwa kwa petroli ya kawaida ya Japani, octane kama 90, kwa hiyo haina shida na vituo vyetu. Turbo inataka ile ya daraja la juu, ambayo Japani huwa karibu 100. Ukiiwekea ya chini haitakufa papo hapo. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) itarudisha nyuma muda wa cheche, nguvu itapungua na ulaji utapanda. Weka 95 au zaidi. Kama barabara unazopita hupati hiyo kwa uhakika, chukua V6, hapo sitabishana na fundi wako.

Kupoza nako kusisahaulike. Hewa ya turbo hii hupozwa kwa maji, kwenye mzunguko wake wenye pampu ya umeme, mbali na ule wa injini. Fundi akijaza maji ya bomba au akisahau kutoa hewa, nguvu hushuka bila sababu inayoonekana.

Ushuru wa bidhaa Tanzania unakatwa kwenye cc 2,000: kutoka juu ya cc 1,000 hadi hapo ni asilimia 5, kupita hapo ni 10. Turbo ina cc 1,998. Gari lenye umri mkubwa zaidi pia linaweza kutozwa ushuru wa uchakavu mkubwa zaidi, hivyo piga hesabu ya jumla kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA), usilinganishe bei ya Japani pekee.

Uamuzi wangu kwa Mbeya: turbo, endapo petroli na oili unazimudu. Kabla ya kulipa, angalia namba ya chasisi. Turbo ni ARS210 na ilianza kuuzwa Oktoba 2015. V6 ni GRS210. Kisha mwombe muuzaji picha za kitabu cha matengenezo na stika za kumwaga oili. Kama turbo ilikuwa inapewa oili kila kilomita 15,000, achana nayo hata ikiwa inang'aa.