Jaji Motley na ombi la kumtaka ajitoe kwenye kesi

Salaam, ndugu. Umekwama pale unapoona kwamba Constance Baker Motley, mwanamke mweusi wa Marekani, alikuwa wakili wa haki za raia, kisha akasikiliza kesi za ubaguzi akiwa jaji, na unauliza iwapo hakupaswa kujitoa.

Anza na uamuzi wake wa mwaka 1975 katika kesi ya Blank dhidi ya Sullivan & Cromwell, kampuni ya mawakili iliyodaiwa kuwabagua wanawake katika ajira. Upande wa kampuni ulimtaka ajitoe, naye akakataa, akieleza kwamba kama historia, jinsia au rangi ya jaji ingetosha kumwondoa, basi hakuna jaji yeyote wa mahakama ile ambaye angeweza kuisikiliza, kwa kuwa wote walikuwa mawakili na kila mmoja wao ana jinsia yake. Mimi huwashauri wanafunzi wausome uamuzi huo, ambao ni mfupi, kabla ya wasifu wowote.

Baada ya hapo tazama uteuzi wake. Rais Johnson wa Marekani alimpendekeza kuwa jaji Januari 1966, lakini Seneta James Eastland wa Mississippi, jimbo ambalo Motley alikuwa amelishinda mahakamani mwaka 1962 ili James Meredith, mwanafunzi mweusi, aingie chuo kikuu, alimzuia hadi Agosti. Ingawa mahakama yake huitwa ya wilaya, usiifananishe na mahakama zetu za wilaya, maana ni ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, na jaji wake hana ukomo wa muda. Motley alibaki jaji hadi alipofariki mwaka 2005.