Linki ya Lamu na Pate kukatika maji yakijaa
Ndugu yangu, umeuliza mbona madishi ya redio yanayorusha intaneti yanaonana vizuri toka Lamu hadi Pate lakini intaneti inazorota bamvua (maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu) likijaa. Kuonana kwa macho hakutoshi. Wimbi la redio huvimba katikati ya njia kama tango. Kwa njia ya kilomita 20 na masafa ya redio ya gigahezi 5.8, nusu kipenyo cha uvimbe huo ni mita 16 hivi, na asilimia 60 yake, karibu mita 10, lazima iwe wazi. Ongeza mgongo wa dunia, yaani mpindo wake katikati ya njia, karibu mita 6: jumla mita 16 hivi. Basi dishi la mita 10 juu ya maji halitoshi.

Halafu bahari ni kioo. Wimbi jingine hudunda majini, likafika limechelewa kidogo, na kimo cha maji kikibadilika linaweza kulizima lile linalokuja moja kwa moja. Kuongeza nguvu ya redio ni bure, mwangwi huo wa majini nao unapanda. Rudisha dishi nyuma, ukingo wa paa uzibe mwangwi wa majini bila kuziba dishi la upande wa pili; au funga madishi mawili kwa vimo tofauti. Mimi nilibadilisha kebo wiki nzima kabla ya kutazama jedwali la maji kujaa na kupwa!

Skurubu tia za chuma cha pua. Za kawaida huliwa na chumvi upesi.