"Satisfied" au "content"? Kuridhika katika barua za Kiingereza

SWALI: Ninafanya kazi ya mapokezi hotelini na huwaandikia wageni kwa Kiingereza. Niliandika "We hope you were satisfying with your stay", msimamizi wangu akaifuta. Nilipoweka "content", bado hakukubali. Kuridhika ni neno gani hasa?

JIBU: Kosa la kwanza ni la sarufi. "Satisfying" hukieleza kitu kinachomridhisha mtu, kama vile mlo au kazi, ilhali mtu mwenyewe aliyeridhika ni "satisfied", neno ambalo hapa hufuatwa na "with". Jihadhari vilevile na "satisfactory": ukimwambia mpishi kwamba chakula chake kilikuwa hivyo, umemwambia tu kuwa kilikubalika, na huenda akanuna.

Suala la "content" ni la maana, nalo linahitaji utulivu, kwa sababu kuridhika kwetu kumebeba mambo mawili ambayo Kiingereza huelekea kuyatenga. "Satisfied" limetokana na Kilatini, satis, yaani vya kutosha, na facere, yaani kufanya. Kwa hiyo linamhusu mtu aliyekuwa na haja au matarajio, yakatimizwa. Ndiyo maana hata hakimu huandika "the court is satisfied that", akimaanisha kwamba ushahidi umefikia kipimo kinachotakiwa, bila furaha yoyote kuhusika. "Content" halipimi huduma. Ni hali ya moyo wa mtu ambaye hatamani zaidi ya alicho nacho, na neno letu lililo karibu nalo zaidi ni kukinai, kwa ile maana yake ya zamani iliyozaa kinaa, yaani kutosheka na ulicho nacho. Mgeni aliyelipia chumba hatakiwi kuwa na kinaa. Anastahili kupata alicholipia.

Kwa kawaida "content" huja baada ya kitenzi, kama "she is content with her life", na mbele ya nomino hutumika "contented", kama "a contented child". Katika matamshi, mkazo huangukia silabi ya pili. Ukiuweka kwenye ya kwanza, msikilizaji atasikia nomino yenye maana ya yaliyomo.

Kwa barua yako mimi ningeandika "We hope you enjoyed your stay", kwa kuwa "satisfied" katika salamu za kuagana lina ubaridi wa dodoso. Litunze kwa sentensi ya malalamiko: "If you were not satisfied with any part of our service, please let us know."